Nyumba Tuliyoivua Saruji

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Wifi yangu mkubwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii ni ndefu na najua magoti yako hayapendi kusimama. Binti yetu aliniambia kwamba goti la kushoto lilikusumbua msimu mzima wa baridi, kwamba daktari alikukataza cherehani ya mguu, na kwamba wewe ulimjibu basi akukataze na kula kabisa, kazi iwe moja. Nilicheka peke yangu jikoni, wifi. Nilikusikia kama uko mlangoni. Sasa unaendeleaje? Macho je? Na yule mpangaji wa juu anayeburuta viti, amehama au bado anakutafutia presha? Mimi sijambo. Sukari imetulia, meno niliyobaki nayo yanatosha kwa kazi iliyobaki, na mgongo unaniuma kwa sababu nitakayoieleza.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua. Miaka sita hatujaandikiana. Tumekuwa tukisalimiana kwa mdomo wa binti yetu, naye anazibeba salamu kama mtu anayechota maji kwa viganja, zikifika ni matone. Shangazi anakusalimu, mwambie nami namsalimu, basi. Mawifi kununiana si habari, na kama ingekuwa habari magazeti yasingepata nafasi ya jambo jingine. Lakini mimi na wewe hatukununiana. Tulinyamaza, na mtu aliyenyamaza huwezi hata kumwambia punguza sauti.

Nakuandikia habari za nyumba ya baba yenu. Nakuomba uisome barua yote mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Mwaka jana, mvua zilipokatika tu, walikuja watu wawili wa halmashauri na kopo la rangi. Nilikuwa nafua. Mmoja alisimama nje ya chumba cha kona, kile kilichokuwa chako ulipokuwa msichana, akaangalia ukuta huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa upande. Akaning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito nchani, kutoka chini ya paa. Kamba iligusa ukuta katikati, na huku chini ikabaki hewani, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Akaniambia kwa upole kwamba nyumba yangu ina kitambi. Yule mwenzake alifungua kopo. Alichovya brashi akachora alama ya X nyekundu, kubwa kama mlango. Wakanieleza kwamba nina mpaka mvua zijazo: niutengeneze ukuta au nyumba yote ivunjwe, isije ikawaangukia majirani.

Binti yetu alipopata habari alikuja siku hiyohiyo na kuniambia nifungashe, nikakae kwake. Alisema nyumba ya udongo ni ya kupumzishwa kama mzee, na hakuna aibu. Nilikubali. Usinione nakuandikia sasa ukadhani nilikuwa shujaa tangu mwanzo. Nilikubali, nikamwita mkandarasi wa bloku, mtu wa haraka mwenye simu mbili, aje aivunje. Alizunguka mara moja, akasema tuanze na dari ya sebule kwa sababu mbao zile bado zinafaa. Akapanda ngazi, akachomeka mtaimbo kwenye mshono wa ubao wa kwanza, akakandamiza.

Wifi, ule ubao ulilia. Siwezi kuueleza mlio wake kwa namna nyingine. Nikajikuta nimemshika yule mtu suruali na kumwambia ashuke. Aliuliza kuna nini, nami nikasema nimebadili nia. Akaniuliza nimebadili lini, nikamwambia sasa hivi. Aliondoka akizungumza na simu zote mbili, nami nikakaa sakafuni nikiitazama ile dari mpaka shingo ikakakamaa.

Wewe huhitaji kuelezwa dari ile, lakini acha nikueleze, kwa sababu mimi niliishi chini yake miaka ishirini na nane bila kuiona. Boriti kumi na mbili zimevuka sebule kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mbao mia moja na nne zimelala bega kwa bega. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zinaumana zenyewe, hakuna msumari hata mmoja unaoonekana. Katikati baba yenu aliacha mraba mdogo akauchonga ua lenye majani manane. Nilikuwa nikiliona ua lile kila siku nikifagia buibui, na sikuwahi kuyahesabu majani.

Nilimtafuta Polepole. Unamkumbuka, yule aliyejifunza useremala kwa baba yenu, mliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa akipima ubao mmoja mpaka chai inapoa. Sasa ana miaka sabini na mbili, anasikia kwa sikio moja tu, na hata hilo analitumia anapopenda. Usidhani uzee umemletea busara. Umemletea ubishi. Anakunywa chai ya sukari vijiko vinne, anagombana na redio, na akichoka analala penye kivuli na tezo kifuani kama mtu anayelinda mali. Alipoingia sebuleni alivua kofia, akanyoosha mkono akagusa boriti ya kwanza, kisha akaniambia kwamba mbao hizi zote ni wewe uliyezipiga msasa, ukiwa na miaka kumi na mmoja, wiki tatu mfululizo, na kwamba baba yenu alikufunga vidole kwa vitambaa ukakataa kuacha. Mimi sikuwa nayajua hayo. Ndugu yako, marehemu mume wangu, aliwahi kuniambia kwamba ulisaidia. Kusaidia nilidhani ni kuleta maji.

Polepole alipima kwa siku mbili. Akasema boriti tisa ni nzima, tatu zimeliwa na mchwa kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, kwa sababu ukuta una unyevu. Akasema ncha zilizooza zitakatwa na kuungwa mti mpya, lakini yeye haungi kitu mpaka ukuta ukauke, na ukuta si kazi yake. Akanielekeza kwa fundi wa udongo.

Nilitegemea mzee mwingine. Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mikono kama ya bondia na ndoo sita, kila moja imeandikwa MALKIA WA TOPE kwa rangi ya bluu. Jina hilo alipewa mtaani kwa kejeli, akalipenda, akaliandika. Alitembea akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti. Kila mahali alipogonga, alitikisa kichwa. Mwishoni akachukua nyundo, akabandua kipande cha plasta ya saruji kwa nje, na nyuma yake udongo ukamwagika kama unga uliolowa.

Akanieleza kwamba nyumba ya matofali mabichi inakunywa maji kidogo chini na kuyatoa kidogokidogo kwa kuta zake, na haina shida, imefanya hivyo tangu ijengwe. Ila sisi tuliivalisha koti la mvua juu ya nguo mbichi. Maji yakakosa pa kutokea, yakabaki ndani yakila udongo, huku nje saruji inang'aa na watu wanasifu. Wifi, methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, kwa saruji ya daraja la kwanza, na bado tukajenga ukuta.

Hapa nagusa kidonda, najua. Ulikuja mwaka ule ndugu yako alipoweka ile saruji. Ulisimama uani na mkoba wako begani, ukamwambia nyumba ya baba inapumua, usiizibe pua. Naye akakujibu kwamba wewe unaishi mbali, unataka mahali pa kuja kukumbuka utoto, lakini anayefagia udongo unaodondoka ni mke wake. Alinitaja mimi, na mimi nilikuwa dirishani, nikafurahi kutajwa. Ukaondoka bila kunywa chai. Baada ya hapo hamkuzungumza tena, mwaka mzima, hadi alipoaga dunia.

Basi tukaanza kuivua saruji. Nasema tukaanza kwa sababu Malkia hakubali mwenye nyumba akae kwenye kiti. Alinitazama mikono, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia karani wa shule, nimestaafu. Akanipa nyundo na patasi na kuniambia nianze chini, taratibu, nisiguse udongo. Siku ya kwanza nilibandua eneo dogo kama trei. Siku ya tatu nilikuwa nabandua kama mtu mwenye kisasi. Najua siku ya harusi yangu ulimwambia shangazi yenu kwamba mikono hii imezoea karatasi na haitaweza nyumba ya udongo. Nilikusikia. Nilikasirika miaka mingi, na siku ya tatu ya kubandua, malengelenge yamepasuka, nikaona kwamba ulikuwa umesema kweli tu.

Tulipanga matofali mapya uani, mia nne na hamsini, ya udongo uleule uliotoka ukutani. Malkia haturuhusu kutupa hata bonge. Anayaloweka yale mabovu, anayakanyaga na nyasi kavu zilizokatwa fupi, anayarudisha kwenye kalibu, yanatoka mapya. Polepole alisema huo ni uchawi au ni ubahili. Wawili hao waligombana tangu siku ya kwanza. Polepole anataka kimya akipima, Malkia anaimba akikanyaga udongo. Polepole anageuza sikio lililokufa upande wake na kuendelea. Lakini nimeona chai ya Malkia ikichelewa, mzee ndiye anayekwenda kuuliza jikoni.

Wakati kuta zinakauka tukashusha dari. Polepole aliandika namba kwa chaki mgongoni mwa kila ubao, moja hadi mia na nne, akachora na ramani kwenye karatasi ya katoni. Tulizishusha moja moja, tukizipokea kama watoto wachanga, tukazilaza chumbani juu ya magunia. Nilizifuta zote kwa kitambaa na mafuta. Upande wa chini ni laini kama shavu, wifi. Miaka hamsini ya moshi na vumbi, na chini ya uchafu bado ni laini. Zilipopanda tena, kazi ilikwenda vizuri mpaka ubao wa sita, ukagoma. Tukaruka, ukagoma wa tisa. Kwa siku mbili Polepole alilaumu unyevu, mchwa, mimi, na redio. Siku ya tatu Malkia alipita na ndoo kichwani, akatazama juu, akasema sita ikipinduliwa ni nini. Mzee alikuwa ameandika bila mstari chini ya namba. Sita ilikuwa tisa, sitini na nane ilikuwa themanini na tisa, na dari nzima ilikuwa imechanganyika kama karata. Aliposikia, na safari hii alisikia vizuri sana, alishuka ngazi akaenda kunawa uso. Kisha akarudi na chaki akapiga mstari chini ya kila sita na kila tisa bila kumtazama mtu.

Nakusimulia haya ili ujue kwamba kulikuwa na vicheko. Lakini kabla mbao hazijapanda kulikuwa na siku moja mbaya, nayo usiposikia kwangu utaisikia kwa binti yetu ikiwa imeongezwa chumvi.

Mvua moja ilitangulia wenzake. Ilikuwa saa nane mchana, Malkia amekwenda kula, ukuta wa chumba cha kona umevuliwa saruji na bado haujavalishwa kitu. Nilikuwa nimeingia mle kuchukua ngazi, nikatoka, nikafika mlango wa jikoni. Nikasikia kishindo kizito, kama gunia kubwa limeshushwa. Ukuta wote wa nje ulikuwa umekaa chini. Kitanda chako cha zamani kilionekana kutoka barabarani. Nilikimbilia pale nikasimama kwenye tope, mvua inaninyeshea, na nikalia kwa sauti, mimi mwanamke mzima, nikasema sasa basi, aliyeandika X alijua.

Malkia alikuja mbio na tonge mkononi. Hakunibembeleza. Aliokota bonge, akalipasua, akanionyesha katikati. Akaniambia ndani ni kavu, mama, lililolowa ni la juu tu, tuletee turubai. Majirani wakatoka, watu ambao sikuwa nimewasalimu vizuri tangu msiba, wakashika turubai pembe zote juu ya pale palipoachwa wazi ili maji yasiingie kwenye msingi. Polepole alikataa kukaa. Alishika pembe yake kwa mikono miwili, amefumba macho, mvua ikapungua, ikaisha, jua likatoka, watu wakaachia, yeye bado ameshika. Ilibidi nimguse bega. Akasema hakusikia kwamba imekwisha.

Ukuta ule tuliujenga upya kwa wiki tatu, mimi nikipokeza tofali na Malkia akipanga, na boriti tatu zikaungwa mti mpya. Ukitaka kuyaona maungio yake uangalie kwa makini, maana Polepole aliyachonga yaingiane kama vidole. Kisha plasta ya udongo na nyasi, halafu chokaa, tabaka tatu nyembamba. Yule mtu wa halmashauri alirudi mwezi huu na timazi yake. Kamba ililala juu ya ukuta kutoka juu hadi chini. Alivua viatu akaingia sebuleni, akaniomba ruhusa alale chali sakafuni aitazame dari. Alikaa pale dakika kumi na karatasi zake kifuani. Alipoinuka alitia sahihi, akasema mwenye nyumba hii alioa mke mwema.

Na si yeye tu. Mtaa mzima unasema hivyo. Wanapita, wanagusa chokaa, wanasema mama yule amemheshimu marehemu. Kila anayenisifu ananichoma, wifi. Nimevumilia wiki mbili. Jana mchana binti yetu alikuja kula, akatazama juu, macho yakamlenga, akasema baba angefurahi sana, na shangazi pia angefurahi, kama baba asingekufa na kinyongo naye.

Niliweka kijiko chini nikamwambia ninachokuambia sasa.

Hospitali waliposema tumrudishe nyumbani, ndugu yako aliomba kitanda chake kiwekwe sebuleni. Alilala chali akihesabu mbao, akipotea anaanza upya. Siku ya kwanza aliniambia: "Mwite dada." Nikasema nitamwita. Kesho yake aliniuliza kama nimekuita, nikamwambia ujumbe umekwenda, uko njiani. Haukuwa umekwenda. Siku iliyofuata akauliza umefika wapi, nikamdanganya tena, nikamtajia mpaka mji ulimolala. Siku ya nne hakuuliza kwa mdomo. Mlango ukilia aligeuza macho. Jioni ile, kabla jua halijazama, alinishika mkono akasema maneno haya, nayo sijapunguza wala kuongeza: "Akichelewa, mwambie alikuwa sahihi kuhusu saruji. Mwambie sikununa. Nilikuwa naona haya."

Kesho yake, kabla ya saa sita, alikwisha. Ndipo nilipotuma ujumbe. Ulifika udongo wa kaburi umeshasawazishwa. Ulinifuata mlango wa jikoni ukaniuliza, taratibu, kama mtu anayeomba maji: "Hakuniulizia?" Nami nikakujibu: "Hapana. Hakumuulizia mtu."

Niliuona uso wako. Nimeendelea kuuona.

Utataka kujua kwa nini, na una haki. Sina sababu inayofanana na ukubwa wa kosa. Ukiwa ndani ya nyumba hii yeye alikuwa mdogo wako. Mlicheka mambo ya kabla yangu, mlimalizia sentensi za baba yenu, na mimi nilikuwa mtu wa kuleta sahani. Nilitaka siku zile za mwisho awe wangu peke yangu. Nilidhani ana wiki kadhaa, nikajiambia kesho nitatuma, na kesho nikasema kesho. Huo ndio uovu wa kwanza, na labda Mungu ataupima na uchovu wangu. Wa pili hauna uchovu wowote. Pale jikoni ningeweza kukupa sentensi moja ukaondoka na ndugu yako mzima moyoni, na nikakunyima kwa sababu kukupa kungenifichua. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka sita, nikiitembea kila siku chini ya dari aliyokuwa akiihesabu.

Sikuanza kazi hii kwa wema. Yule mkandarasi alipokandamiza mtaimbo niliona kwamba nikiivunja dari, nitakuwa nimekunyang'anya na kilichobaki. Hiyo ndiyo sababu nilimshika mtu suruali.

Binti yetu aliposikia aliinuka mezani bila kumaliza chakula, akaondoka bila kuniaga. Asubuhi hii, kabla sijachemsha maji, alirudi akasimama barazani. Aliniambia: "Mama, mwandikie shangazi leo. Usipomwandikia, nitakwenda kumwambia mwenyewe." Kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza, na yuko hapo hadi sasa, amenipa mgongo, anasubiri bahasha. Yeye ndiye atakayekuletea. Hataki kuzungumza nami bado, na sijamwomba.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nimefanya kazi na karatasi maisha yangu yote, najua haziwezi kubeba kila kitu. Nakuomba tu uyachukue maneno yake, ni yako, yalikuwa yako tangu siku ile. Chumba cha kona kina ukuta mpya, kitanda chako kimetiwa kamba mpya na kimerudi mahali pake karibu na dirisha. Nyumba ni ya baba yenu. Ukitaka kuja usinikute, mwambie binti yetu. Nitahamia kwake kabla hujafika na nitakaa huko muda wowote utakaosema, hata kama muda huo hauna mwisho. Ukitaka kuja unikute uniambie machoni yote unayotaka kuniambia, nitakuwepo na sitajitetea.

Nimeandika kwa herufi kubwa na kuacha mistari katikati ili macho yako yaweze, usilazimike kumpa mtu akusomee. Polepole anakusalimu sana, anasema ukija atakuja kukuonyesha maungio, na uvae miwani. Malkia hakujui, lakini ameuliza mara nyingi aliyezipiga mbao msasa ni nani, nami nimemwambia utamwona. Msalimie mwenye nyumba wako. Ujiangalie na baridi.

Ndugu yako alikuita siku nne mfululizo na mimi sikuufikisha wito wake. Naufikisha leo, kwa maneno aliyoyatumia yeye.

Njoo, dada.

Mimi wifi yako,
mke wa mdogo wako.